Mwenye Gesti ya Wazungu wa Shanta

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amemkalia mwanamume mgongoni. Mwanamume mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi uani, shavu limebanwa kwenye saruji, na yeye amemkalia kama mtu anayekuna nazi, ndara mkononi, anampiga. Kichwani, masikioni, mabegani. Alipiga bila haraka. Nje watu walikuwa wanaubamiza mlango kwa ngumi na mateke, wakitaka wapewe mtu yule. Kila wakizidisha kelele, naye alizidisha ndara.

"Lia!" alimwambia yule mwanamume kwa sauti ya chini. "Lia kwa nguvu, wakusikie."

Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini na kikapu changu cha nguo. Nilikuwa msichana niliyetoka Kitui kutafuta kazi ya kufua, na niliingia mle ndani punde tu kabla ya komeo kutiwa. Aliinua macho akaniona.

"Wewe ndiye Mkamba wa kufua?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usisimame hapo kama nguzo. Mshike miguu."

Nikamshika miguu. Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Baadaye makelele ya nje yalipopungua, alimwinua yule mwanamume kwa ukosi, akampa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akampitisha mlango wa nyuma mpaka kituo cha polisi, amemshika mkono kama mama anayempeleka mwanawe shule. Mwanamume yule alikuwa amempokonya mgeni mkoba. Mgeni, msichana mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alikaa kitandani ameyakumbatia magoti. Hakuwa anamwogopa aliyempokonya. Alikuwa anamwogopa mwenye gesti.

Ulikuwa mwaka uliofuata lile jaribio la kuipindua serikali. Gesti ilikuwa Malindi, nyuma ya soko la zamani, nyumba ya chokaa yenye vyumba vinavyozunguka ua, tangi la maji, na mkilifi mmoja uliodondosha matunda yake juu ya mashuka niliyoanika. Jirani walimwita Mwenye Gesti. Wageni walimwita Mama, na mimi nikafuata wageni. Jina lake la kuzaliwa sikulijua, wala sikumsikia mtu akilitaja.

Wageni wetu hawakuwa wale wa hoteli za ufukweni, wanaoletwa na mabasi yenye mapazia na kupewa juisi mlangoni. Wetu walikuwa wazungu wa shanta. Walishuka basi la Mombasa na mizigo mgongoni mikubwa kuliko wao, nywele zimejaa vumbi, viatu vimening'inia kwenye mikanda, wakiulizia pahali pa bei ya chini kabisa. Walikula mahamri na mbaazi barazani kama sisi. Walikuwa wamesoma kwamba nchi yetu ina wanyama, misitu na mambo ya ujasiri, na walitaka yote kabla ya ruhusa ya kukaa nchini kwisha. Walitaka kutembea kwa miguu ndani ya msitu wa Sokoke, kulala kwenye mahema mahali mto Sabaki unapoingia baharini, kushuka kwenye yale makorongo mekundu ya Marafa jua likiwa utosini. Walitaka waione hatari, lakini hatari isiwaone wao.

Mwenye Gesti hakuwaelewa hata kidogo. "Kwao hakuna taabu?" aliniuliza mara nyingi. "Mtu atoka kwao penye daktari, aja kutafuta nyoka?"

Kwa hiyo aliwatisha. Ilikuwa sehemu ya kazi yake, na nadhani aliipenda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa, kutoka chini ya bega hadi karibu na kiwiko, ngozi imekunjamana kama kitambaa kilichoshonwa na mtu asiyejua kushona. Mgeni akisema anakwenda kuogelea Sabaki, Mwenye Gesti alipandisha mkono wa nguo. "Mamba," alisema. Basi. Wageni walikaa chini. Aliwasimulia alivyokuwa akichota maji, maji yalivyotulia, meno yalivyoingia, alivyomtia vidole machoni mnyama yule hadi akamwachia. Kila alipoisimulia, mamba alirefuka. Wageni walimpiga picha. Nina hakika mpaka leo katika nyumba nyingi za Ulaya liko kovu lile, na chini yake wameandika habari za mamba.

Wengi walimsikiliza. Mmoja hakumsikiliza, kijana wa Kijerumani mwenye ndevu za dhahabu, aliyekataa chumba kwa sababu alitaka kulala ufukweni, bure, chini ya nyota.

"Huko kuna watu wenye mapanga," Mwenye Gesti alimwambia.

"Watu wa hapa ni wazuri," alijibu.

"Watu wa hapa ni watu," alisema yeye.

Asubuhi walikuja kutuita. Tulimkuta amekaa mchangani, hana shanta, hana viatu, ameushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, kiganja kimepasuliwa hadi mfupa. Damu ilikuwa imeganda mchangani ikafanya donge jeusi, kaa wadogo wanalizunguka. Mwenye Gesti alimvua shati, akamfunga nalo kwa nguvu mpaka akapiga ukelele, kisha akampakia kwenye mkokoteni wa maji na kuusukuma mwenyewe hadi hospitali. Njia nzima alimtukana. Alimtukana kwa Kiswahili kilichonyooka, matusi ambayo mimi sikuwahi kuyasikia Kitui, na alipochoka kumtukana yeye alimtukana aliyeandika kile kitabu cha safari kilichomdanganya. Kijana hakuelewa neno. Alilia na kusema asante, Mama, asante.

Kila siku mpaka aliporuhusiwa, alimpelekea uji.

Mkono wa Mwenye Gesti ulikuwa mwepesi sana. Alimpiga mpishi kwa mwiko, alimpiga mbuzi wa jirani kwa ndoo, alinipiga mimi kofi siku niliyoacha mlango wa nyuma wazi. Kofi lile nililisikia sikioni mpaka jioni. Hakuomba radhi, ila chakula kilipoiva alinipakulia kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida alikula yeye. Nilielewa, nikala.

Lakini mtu huyuhuyu hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Mpishi akitoa kisu, yeye alijitanda leso usoni na kutoka barazani, akajifanya anatafuta mtu. Akiona paka amegongwa na gari alishinda na njaa. Aliswali sala zake zote bila kuruka, na baada ya kuswali alikaa juu ya mkeka akiutazama mkono wake wa kulia, akiugeuza juu na chini. Siku moja alinikuta ninamwangalia.

"Huu," alisema, akiuinua, "una maswali mengi ya kujibiwa."

Nilidhani anazungumzia ile habari ya Mswisi. Ilikuwa bado mbichi. Mswisi huyo alifika na mchumba wake, mtu mpole mchana, anayeosha sahani zake mwenyewe. Alasiri moja ya mvua tulisikia kitu kikidunda ukutani chumbani mwao. Kikadunda tena. Wageni wengine walikuwa wamekaa ukumbini wanacheza karata. Walitazamana, kisha wakatazama karata zao. Mwenye Gesti aliondoka jikoni na mchi wa kinu. Hakubisha hodi. Mswisi alikuwa amemshika msichana nywele anakigonga kichwa chake ukutani, taratibu, kama anapigilia msumari. Mchi ulimpata kwenye mfupa wa bega. Nilisikia mfupa ulivyovunjika. Alipoanguka alimpiga tena, na tena, mpaka mimi na mpishi tulipomshika kiunoni tukamvuta nje, naye anatuvuta sisi ndani.

Msichana, uso umevimba, damu inamtoka sikioni, alimrukia Mwenye Gesti na kumkwaruza shingoni kwa kucha. Kisha akapiga magoti kando ya mchumba wake, akakilaza kichwa chake mapajani, akilia na kumbembeleza. Waliondoka pamoja siku ya pili yake, yeye amebeba mashanta yote mawili, la mbele na la nyuma, mwanamume anatembea mkono umefungwa kifuani.

Mwenye Gesti aliwatazama mpaka wakapinda kona. "Nilidhani namtoa kwake," alisema. "Kumbe nimempa mgonjwa wa kuuguza."

Hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikaona haya.

Kuna jambo moja nililigundua polepole, kama unavyogundua kwamba mtu fulani hali pilipili. Mji wetu ulikuwa na wezi, tena wengi, kwa sababu wageni walikuwa wazembe na njaa ilikuwa nyingi. Kila wiki lilisikika hilo neno sokoni, na likisikika, miguu ilikimbia. Lakini yeye hakulitamka. Alisema "huyo aliyechukua." Alisema "mwenye mkono mrefu." Hata akisimulia kisa, akifika kwenye neno lenyewe alilizunguka, kama mtu anayepita kando ya shimo analolijua. Na hao waliochukua, akiwakamata, aliwafungia ndani, akawapiga mwenyewe, akawaamuru walie. Ilikuwa desturi yake. Nilimsaidia zaidi ya mara moja kuwashika miguu, na moyoni nilimwona mkatili.

Asubuhi moja tulikuwa tunakamua mashuka, yeye ncha moja, mimi ncha nyingine. Nikamwuliza kwa nini hawapeleki polisi moja kwa moja.

Aliendelea kukamua. Maji yalitiririka kati yetu mpaka yakawa matone.

"Waliopo nje wana hasira," alisema. "Wataka kusikia mtu analia. Wakisikia analia sana, mikono yao yapoa. Nusu yao waenda zao. Waliobaki wachoka. Ndipo napita naye nyuma."

"Na ukiwaachia?"

"Nilishawaachia mmoja."

Tukaanika lile shuka. Alilinyoosha kwa viganja, akaenda kuchukua jingine kwenye karai, akanipa ncha, na tulipokuwa tunalisokota akanieleza, bila kunitazama.

Ilikuwa mwanzomwanzo wa gesti. Msichana mmoja mgeni alitoka chumbani analia, mkoba wake wa pasipoti haupo. Naye Mwenye Gesti alikuwa amemwona kijana asiyemjua akitoka mlangoni na gunia. "Nikatoka barazani nikalisema lile neno. Mara moja tu. Sikulirudia. Hakukuwa na haja ya kulirudia, mwanangu. Walilichukua wenyewe wakaenda nalo."

Alikimbia nyuma yao. Alipofika sokoni mambo yalikuwa yamekwisha. "Wanawake walikuwa wamesharudi kwenye mchicha wao. Wapanga mafungu. Yeye amelala pale penye bomba, na mtu mmoja aosha mikono hapohapo, juu yake. Uso hana. Nikafungua gunia. Makumbi ya madafu. Alikuwa apita majumbani akiokota makumbi ya kuwauzia wenye matanuri ya mikate. Uani kwangu yalikuwako tele."

"Na mkoba?"

"Juu ya chandarua. Yule mgeni aliuficha mwenyewe kabla ya kwenda kuoga, akasahau." Alilikung'uta shuka kwa nguvu, likatoa mlio. "Alinikumbatia kwa furaha. Akapanda basi mchana uleule kwenda Lamu. Sikumwambia. Ningemwambia nini? Aliyesema si yeye."

Nilimwuliza kama kijana alikuwa na watu. Akasema alikuwa na mama, Mgiriama, nyuma ya Kilifi, karibu na njia ya Takaungu. Alikwenda huko baada ya maziko. Alimkuta yule mama anapasua kuni mbele ya nyumba, akamwambia: mimi ndiye niliyesema.

"Hakuniuliza swali. Alikuwa na panga mkononi." Akapandisha mkono wa nguo, akanionyesha kovu, kana kwamba sikuwahi kuliona. "Alikuwa na haki ya kichwa changu. Akachukua ngozi."

"Kumbe si mamba?"

"Mamba ni wa wazungu," alisema, akashusha mkono wa nguo, akaniambia nisimame upande wa jua, shuka lisikauke na mikunjo.

Baada ya hapo niliwashika miguu kwa moyo mmoja.

Tuliendelea hivyo miaka kadhaa. Sasa nifike kwenye ile Ijumaa, maana bila hiyo mtu hawezi kusema anamjua.

Kulikuwa na Mwingereza kijana, mwembamba, mwenye kijitabu cha Kiswahili mfukoni. Alitupendeza sote. Alimwamkia shikamoo kila mtu, hata watoto, hata mpishi ambaye alikuwa mdogo wake. Alikuwa ametembea ufukweni kutoka Watamu, amelala karibu na magofu ya Gede na nyani wamemwibia mkate, na kila alichokiona alikitafutia neno kitabuni, akalisema kwa sauti, akafurahi kama mtu aliyeokota lulu. Mchana ule alikuwa amejilaza chumbani. Mkono ukaingia dirishani ukachukua kamera yake mezani. Akaamka, akachungulia, akamwona mtu anakwenda mbio uchochoroni. Akatoka hadi barazani. Mimi nilikuwa pale nafagia. Uso wake ulikuwa umechangamka, kama wa mtu aliye mchezoni, na neno alilijua.

"Mwizi!" alipaza sauti. "Mwizi! Mwizi!"

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Mtaa ulijaa.

Mwenye Gesti alitoka jikoni na leso kiunoni, kichwa wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kwanza alimpiga Mwingereza kofi la mdomo. Nililiona neno la nne likikatika katikati ya meno yake. Kisha akakimbia. Alikuwa mtu mzito, mwenye miguu ya kuvimba, na sikuweza kumfikia.

Walikuwa wamemwangusha yule mtu mbele ya maduka ya vitambaa. Niliona migongo tu, kanzu nyeupe, mashati ya kazi, watu ninaowajua, fundi cherehani, kijana wa duka la vipuri, mmoja aliyenipa lifti wiki iliyopita. Mikono ilipanda na kushuka. Mlio ulikuwa kama wa watu wanaotwanga, isipokuwa hawakufuata mapigo. Mwenye Gesti aliingia kwa chini, kati ya miguu yao, akitambaa. Alipomfikia alijilaza juu yake, safari hii hakumkalia. Akapiga ukelele:

"Ni mwanangu! Huyu ni mwanangu! Nipigeni mimi!"

Wa karibu walisita. Wa nyuma hawakuwa wamesikia. Jiwe likaja, la ukubwa wa nazi, likampata jicho la kushoto. Kichwa chake kiliruka upande kisha kikarudi palepale juu ya shingo ya yule mtu. Mtu mmoja mwenye rungu akavipiga viganja vya Mwenye Gesti, alivyokuwa amevikutanisha juu ya utosi wa yule mtu kumkinga. Akapiga tena. Nilikuwa namvuta mtu kanzu, napiga kelele kwa Kikamba, na nadhani nilikuwa namwita mama yangu.

Aliyewatawanya ni mama wa bajia aliyekuwa na jiko lake pale kona. Hakusema lolote. Alilikamata karai lake kwa matambara mawili, mafuta yanachemka, bajia bado zinaelea ndani, akawamwagia miguuni. Nilisikia kelele za aina nyingine. Watu waliruka, wakaangukiana, wakatupa mawe waliyoshika, na wakishakuyatupa wakawa wanatazamana kama watu walioamshwa. Wengine waliokota viatu vyao. Fundi cherehani alisema, "Jamani, ni mama wa watu," kana kwamba ndiyo kwanza afike.

Mwenye Gesti aliviringika pembeni. Yule mtu akainuka, mguu mmoja unaburuta, mdomo hauna meno ya mbele. Akamtazama chini mara moja. Halafu akashika ubavu, ambapo kitu kilikuwa kimefungwa chini ya shati, akaenda mbio alivyoweza kwenye uchochoro. Alikimbia na kamera.

Nilimwambia jambo hilo baadaye hospitalini, nikiwa na hasira. Alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso, vidole vyote vimetiwa vijiti.

"Alikuwa ameichukua kweli," nikasema. "Amekutoa jicho lako, na kamera kaenda nayo."

"Najua alikuwa ameichukua," alisema. "Na yule wa kwanza nilijua kuwa ameuchukua mkoba. Kujua si kitu, mwanangu."

Mwingereza naye alikuja. Alikuwa ametapika ukutani pale sokoni mpaka akabaki anatapika hewa, na tangu hapo hakula kitu cha maana. Alisimama miguuni pa kitanda, mdomo umevimba, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mimi nilitaka asimame. Asimame tu."

Mwenye Gesti aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, taratibu, ili amwelewe, "Neno walikuandikia. Maana yake hawakukuandikia. Nenda kwenu, baba, ukale."

Nilipokwenda tena, kitanda chake alikilalia mtu mwingine, mama aliyejifungua. Mwenye Gesti alikuwa ameondoka bila kumuaga mtu. Mwenye nyumba, aliyekuwa akimpangisha, alichukua nyumba yake, akabomoa kuta za vyumba akafanya ghala la saruji, na wazungu wa shanta walikuja kwa muda kidogo bado, wakisimama mlangoni na vitabu vyao wazi, wakitazama lori likipakia.

Mimi nilipata kazi Bofa, Kilifi, katika hoteli ya ufukweni, idara ya kufua. Huko mashine ndiyo inayokamua. Ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini niliposikia habari zake, kwa mwanamke wa Kigiriama aliyetuuzia mabuyu mlango wa nyuma wa hoteli. Alisema karibu na kwao, njia ya Takaungu, yuko Mswahili mwenye jicho moja anayeishi na bibi kipofu. Watu wanashangaa, alisema, kwa sababu bibi yule anampiga, na Mswahili haondoki.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda. Nilishuka barabarani, nikakata mashamba ya mihogo, na kabla sijaiona nyumba nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikifoka.

Walikuwa nyuma ya nyumba. Mzee mmoja, mwembamba kama ufito, amekaa kwenye kigoda, hando yake, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, imepandishwa magotini, macho meupe. Mwenye Gesti alikuwa amepiga magoti mbele yake anamwosha miguu, kwa vidole vilivyopinda ambavyo haviwezi tena kukamata kitambaa, kwa hiyo kitambaa alikifunga kiganjani. Alikuwa amekonda. Bibi alikuwa na bakora. Kila maji yalipomgusa kidonda cha mguu alishusha bakora, mgongoni, begani, popote. Na yule mwanamke niliyemjua, ambaye hakuvumilia hata mbuzi wa jirani, aliinamisha kichwa tu bakora ipite, akaendelea kuosha.

"Hodi," nikasema.

Aligeuza jicho lake moja. "We Mkamba," alisema. "Umenenepa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani huyo?" bibi aliuliza kwa ukali.

"Binti yangu wa kazi, wa zamani."

"Anakujua wewe ni nani? Umemwambia?" Akanielekezea uso, karibu nilipo ila si penyewe. "Huyu ni muuaji. Alimuua mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi," nikasema.

"Basi kaa. Kuna mkeka."

Nikakaa. Mwenye Gesti alimfunga kidonda kwa kitambaa safi, akitumia meno kukaza fundo. Akanieleza kwamba alikuja hapo moja kwa moja kutoka hospitali, bendeji bado usoni. Binti pekee wa bibi alikuwa ameolewa Mariakani, na macho yalikuwa yanaisha. Siku za mwanzo bibi alimfukuza kwa mawe, lakini hakuwa anaona tena pa kuyatupa. Kisha ikaja siku bibi alianguka kwenye njia ya kisimani, na aliyekuwa karibu ni yeye.

Nikamwambia nilichokuja kumwambia. Hotelini kuna nafasi ya kukunja mashuka, kazi ya kukaa, vidole si tatizo. Nina chumba Kilifi mjini, kitanda cha pili kipo. Aje akae nami, apumzike.

"Nina mgonjwa," alisema.

"Nenda!" Bibi alikuwa amesikia yote. "Nenda na Mkamba wako! Nilikuita? Nilipata kukuita hata siku moja? Nenda!" Akainua bakora, ikampata kwenye shavu, upande wa jicho lisiloona, kwa hiyo hakuiona ikija. Damu kidogo ikatoka. Niliinuka nusu. Mwenye Gesti alinitupia jicho, nikakaa.

Tulizungumza mambo mengine. Mpishi wetu alikuwa ameoa. Mama wa bajia alikuwa amehamia Lamu. Jua lilipopanda nikaaga. Alinisindikiza mpaka penye mihogo, akaniombea dua, akaushika uso wangu kwa vile viganja vyake, nikasikia vidole vilivyopinda vikinigusa mahali palepale alipowahi kunipiga kofi. Akageuka, akarudi, akaketi chini kivulini mbali kidogo na bibi, nami nikabaki nimesimama njiani namtazama.

Bibi alikuwa ametulia, bakora imelala magotini. Akageuza kichwa huku na huku, akisikiliza. Nadhani alifikiri mwenzake ameondoka kweli. Akaweka mkono mbele, akapapasa hewa, kisha akaita. Hakuita muuaji. Aliita kwa jina, jina la kuzaliwa, jina fupi la kawaida la Kiswahili ambalo kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia mtu akilitumia.

"Abee, mama," alijibu, akaweka kiganja chini, akainuka.